Kumfuata Mukhwana Hadi Kakuma

Niliondoka Kitale juma la pili la Januari 2013, kwa sababu ya simu moja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Lokichar alimpigia mama yetu kuuliza kama Mwalimu Mukhwana anaumwa, maana shule zilikuwa zimefunguliwa na darasa lake halikuwa na mtu. Mama alidhani Mukhwana alikuwa amekula Krismasi Lokichar. Mwalimu mkuu alidhani alikuwa kwetu.

Mukhwana ni pacha wangu. Kwetu Wabukusu pacha wa kwanza huitwa Mukhwana na wa pili Mulongo, basi mimi ni Mulongo, niliyemfuata duniani baada ya dakika chache. Tunafanana kiasi kwamba marehemu baba alitutambua kwa mwendo tu.

Tulipofika miaka thelathini na moja, miili yetu ikaachana njia. Hedhi ya Mukhwana ilikoma. Daktari wa Eldoret alimpima damu mara mbili, akamwambia kwamba ovari zake zimeacha kazi mapema kama za mwanamke aliyezeeka, na kwamba yeye hana dawa ya kuziamsha. Mukhwana hakuwa na mtoto. Mchumba wake aliondoka polepole, bila hata ugomvi. Mimi nilikuwa nimekaa katika ndoa miaka minne bila kushika mimba, na Oktoba 2012 nikaambiwa ninayo. Sikumwambia pacha wangu. Nilimwomba mama naye anyamaze. Nilijidai namhurumia, kumbe niliogopa kile kimya ambacho kingekuja kwenye simu.

Basi lilitoka saa moja asubuhi. Baada ya Kapenguria barabara iliteremka na joto likapanda hadi tukafungua madirisha yote. Kuanzia Kainuk lami ilikuwa imekwisha kuliwa na mashimo, dereva akaiacha, akaendesha mchangani kando yake. Nilishika tumbo kwa mikono miwili. Lilikuwa la miezi mitano na limeanza kuonekana wazi.

Lokichar tulifika saa kumi alasiri. Mji ulikuwa umejaa magari meupe ya wakandarasi wa mafuta. Mwalimu mkuu, Bwana Ekai, alinisubiri langoni. Aliponiona alifungua mikono, akaanza, "Mwalimu, karibu ny—" Kisha macho yake yakashuka tumboni. Akavua kofia.

"Kumbe ni kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi si Mukhwana, Mwalimu. Mimi ni pacha wake."

Alicheka kwa aibu, lakini muda wote wa chai aliendelea kuniita Mwalimu, na hakuacha kulitazama tumbo. Alinieleza kwamba tangu Agosti dada yangu alikuwa akisema habari za mtu mmoja wa Kakuma aliyeitwa Profesa. Mtu huyo hutoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, hupata humo chembe zinazoitwa seli shina, kisha huzidunga karibu na ovari ili zijitengeneze upya.

"Alisema zitaota kama majani baada ya mvua," alisema Bwana Ekai. "Mwalimu wa sayansi, bwana. Ningembishia vipi?"

Alinifungulia chumba cha Mukhwana. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, na siku nyingi zilikuwa na msalaba mdogo wa kalamu, kila mmoja siku ya kungoja hedhi irudi. Misalaba ilianza juma la mwisho la Agosti, ambalo Bwana Ekai alisema alidungwa mara ya kwanza. Bila kupenda nilihesabu. Juma hilo ndilo daktari wangu aliloniambia mimba yangu iliingia. Nilitoka chumbani upesi, nikamwambia Bwana Ekai kwamba ni joto.

Lodwar nilifika kesho yake mchana. Nilishuka kwenye nyumba ya wageni karibu na mto Turkwel, ya kwanza niliyoiona. Mwenyewe, Mama Nakiru, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Ejok, mwalimu," alinisalimu kwa Kiturkana, akanipa ufunguo wa chumba namba sita. Hakuniuliza jina. "Nimebadilisha godoro. Ile damu ilikataa kutoka."

"Damu gani, mama?"

"Ya kiuno. Ya ile sindano. Umesahau namna hiyo?"

Nilimwambia mimi ni pacha. Aliweka ungo chini, akaja, akaanza kunibonyeza nyonga kwa kidole gumba juu ya gauni, upande huu na upande ule, akitafuta kidonda. Alibonyeza kwa muda mrefu.

"Hakuna," alisema mwishowe. Akachukua ule ufunguo, akanipa wa chumba namba mbili, na hakunisemesha tena hadi nilipoondoka.

Kakuma niliingia siku ya tatu, saa tano asubuhi, kwa lori la unga lililokuwa kwenye msafara wenye askari. Mto Tarach ulikuwa mchanga mtupu. Nilimwendea mtu wa bodaboda nikamwuliza kama anamjua Profesa. "Panda, mwalimu," alisema. "Si ni kule kwako."

Alinishusha nyuma ya maduka, kwenye ua uliozungushiwa matawi ya miiba ya mathenge. Wanawake wanane walikaa kwenye mabenchi mawili. Sauti pekee ilikuwa ya friji, ikinguruma ndani ya chumba cha mabati. Nilipoingia walisimama wote kwa pamoja, kama darasa.

Mmoja wao, mrefu, mwenye shuka la zambarau begani, alinishika mkono. Baadaye nilijua anaitwa Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza majani ya chai sokoni kambini.

"Mwalimu," alisema. "Wewe alikuwa analala pale ndani, mimi ndio nilishika mkono yako. Sasa ona!" Akaweka kiganja chake tumboni mwangu. Wengine wakaja. Walinigusa bila fujo, mmoja baada ya mwingine, na mmoja akalia.

Nilifungua mdomo niwaambie. Hapo mlango wa mabati ukafunguka. Mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alinitazama usoni, kisha nyongani, nilivyosimama. Akanisogelea mpaka sikioni. Kiswahili chake kilikuwa safi, sikuweza kusema ni cha wapi.

"Wewe siye," alisema taratibu. "Yeye huegemea mguu wa kushoto."

"Yuko wapi?"

"Kaa hapo kwenye benchi. Huna haja ya kusema lolote. Nikimaliza na hawa wawili nitakuonyesha aliko."

Nikakaa. Hili ndilo jambo ninaloliandika kwa shida. Nilikaa pale nusu saa nzima na tumbo langu, jua likiwa utosini, na wanawake wakinitazama kama watu wanaotazama mvua ikija. Wawili waliingia ndani. Nilisikia friji ikifunguliwa. Nilisikia mmoja akivuta pumzi kwa meno. Walipotoka wakichechemea walinipungia mkono. Profesa akanawa, akaniambia, "Yuko hospitali ya misheni, wodi ya wanawake." Alilisema kama mtu anayekuelekeza dukani.

Mukhwana alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda, mkononi ana sindano ya dripu. Nyonga yake ilikuwa imeoza kwa ndani na walikuwa wameipasua kutoa usaha. Alipewa kitanda siku chache kabla ya Krismasi. Simu yake iliibwa akiwa na homa, na alipopata nafuu hakuazima ya mtu.

Hakuniangalia usoni. Aliangalia tumbo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nilitaka kukuambia."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Alifumba macho. "Basi mlikuwa wawili mkinificha."

Nikamweleza habari za ule ua: jinsi walivyonishika, jinsi nilivyokaa. Hapo ndipo aliponiangalia. Alijikokota akaketi. "Wawili wameingia? Kwa sababu yako?"

"Wamedhani mimi ni wewe."

Tabibu wa wodi, kijana mpole, alikuwa amesikia. "Seli shina zenyewe ni jambo la kweli," alisema. "Kuna watafiti wanazijaribu kwa ovari zilizochoka, wengi wao kwa panya. Pengine siku moja itakuwa tiba. Lakini huyu hana maabara, ana friji ya soda. Alichomdunga dada yako hata sisi hatujui."

Nilirudi kule peke yangu kwa bodaboda. Niliwaambia wale waliobaki kwamba mimi ni mwingine. Walinisikiliza, kisha Achol akasema kwa huzuni, "Mwalimu, umepata yako, sasa unatunyima sisi?"

Nilipomweleza Mukhwana, alisema, "Nipeleke." Tabibu alikasirika, akakataa, mwishowe akatafuta pikapu ya hospitali na akaja nasi mwenyewe.

Tuliingia uani alasiri, pacha wangu akiniegemea. Wanawake hawakusimama safari hii. Mmoja aliinuka, akapitia mwanya wa ua, akakimbia. Mukhwana aliketi kwenye benchi nami nikaketi kando yake. Achol alikuja taratibu, akaweka mkono mmoja juu ya bandeji yake na mwingine juu ya tumbo langu, akasimama hivyo.

"Kumbe ilihama," alisema. "Dawa iliingia kwa huyu, mtoto ikaenda kwa huyu."

"Hapana, dada yangu," alisema Mukhwana. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyedungwa, Agosti na Desemba. Niliwaambia hedhi imerudi. Haikurudi. Ilikuwa damu ya kidonda, na nilijua. Nilisema vile kwa sababu nilitaka iwe kweli, na mliponiamini ikawa rahisi kwangu kuamini."

Profesa alisimama mlangoni muda wote huo. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji mwingine. Wanawake watatu waliondoka. Achol alirudi kwenye benchi, akajifunga shuka lake vizuri, akakaa kungoja zamu yake. Tabibu alimsihi, nami nikapiga magoti mchangani. "Nyinyi ni wawili," alinijibu. "Mimi niko peke yangu."

Tulipiga ripoti kwa polisi jioni ile. Walipokwenda asubuhi walikuta chumba kitupu, na sakafuni alama ya mraba palipokuwa na friji. Wale wawili waliodungwa walitafutwa na tabibu, akawapata na kuwatibu. Achol sikumwona tena.

Tulirudi Kitale baada ya siku kumi. Tulipopita Kainuk, Mukhwana aliomba kuweka mkono tumboni mwangu. Mtoto alicheza. Aliuacha mkono pale hadi tulipoanza kupanda milima ya Marich.

"Usiniambie iliingia juma gani," alisema.

Sikumwambia. Najua mwili haufanyi kazi namna ile. Hata hivyo sikumwambia.

Mwanangu alizaliwa Mei. Daktari wa Eldoret alimweleza Mukhwana kwamba ovari zake haziwezi kurudi kwa ujuzi uliopo leo, lakini mayai yangu yanaweza kumpatia mtoto atakayembeba mwenyewe, na kwa kuwa sisi ni pacha wa kufanana, damu ingekuwa ileile yake. Nilimwambia niko tayari. Alisema atafikiri, na bado anafikiri. Ni haki yake. Nami nimejifunza kwamba ukikaa kimya mahali watu wanapotafuta ushahidi, kimya chako huchukuliwa kuwa ushahidi, na huwezi kukirudisha.

Mwezi Julai nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, kutoka Kakuma; namba yangu aliipata hospitalini. Aliuliza kama mimi ndiye mwalimu mwenye tumbo. Nilimweleza yote tangu mwanzo, polepole: mimi ni nani, Mukhwana ni nani, nani alidungwa na nani hakudungwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mtoto ako mzima?" aliuliza.

"Mzima," nilisema.

"Mungu asifiwe." Kisha nikamsikia akigeuka, akiwaambia watu waliokuwa karibu naye: "Ni kweli. Amezaa."