Bawaba Sita

Mume wangu alipoamka Jumamosi moja na kusema anaanza kupanga gereji, nilijua kuna jambo. Nimekaa na mwanaume huyo miaka thelathini na mbili, na soksi zake anazivulia mezani. Mtu wa namna hiyo hapangi gereji bure.

Tuliiita gereji kwa heshima tu. Aliijenga ubavuni mwa nyumba yetu hapa Nyasura, Bunda, alipokuwa bado anafundisha, akisema akistaafu atanunua gari. Gari halikuja. Vilivyokuja ni vitu vya ndugu zake. Kwao ni kijijini karibu na Kisorya, na kila aliyepanda kuja Bunda alikuja na kitu cha kuweka kwa mwalimu: plau iliyovunjika mkono, bomba la kupulizia pamba, nyavu za dagaa, karabai, godoro, kitanda cha chuma, mbao za mtumbwi uliokufa ambazo mwenyewe alimpa mwalimu moja kwa moja. Hata mlango wenyewe wa gereji, ule wa bati zito wenye mabawa mawili, aliuleta shemeji yangu mkubwa zamani, tukauzoea mpaka tukasahau umetoka wapi. Miaka yote hiyo nikilalamika, mume wangu alinijibu, "Ni vya wenyewe, mama." Sasa ghafla yuko humo ndani tangu asubuhi, mabega yamejaa vumbi, hataki hata nimsaidie kufagia.

Alikuwa na chaki. Alikishika kila kitu, akakitazama, kisha vingine akavitia alama ya msalaba na vingine akavisogeza ukutani bila alama. Nikamuuliza misalaba ni ya nini.

"Ni ya kupangia tu."

Amefundisha hesabu maisha yake yote, mtu wa kueleza jambo moja mara tatu, halafu mimi ananipa "tu". Nikaanza kuhesabu.

Vyenye misalaba vikaanza kuondoka. Narudi sokoni, kitanda hakipo. Wiki inayofuata godoro halipo. Nikiuliza, anasema amepeleka nyumbani. Nyumbani ni wapi, kama si hapa ninapompikia? Rafiki yangu anayeuza vitenge Manyamanyama ndiye aliyenimaliza kabisa.

"Mama mwalimu, mzee wako namwonaga stendi anapakia vitu gari za Kisorya," alisema huku anakunja kitenge, hanitazami. "Juzi ilikuwa kitanda. Na mimi wa kwangu alianzaga hivyo hivyo."

Kitanda, godoro, karabai, plau. Mwanamke yeyote wa huku akisikia vitu hivyo vinatoka kwa mfululizo anajua mwanaume anamfungulia mke mdogo mji. Na si hilo tu. Kila baada ya wiki mbili alikuwa akienda Musoma, shati limepigwa pasi, na akirudi anasukuma sahani. Nikasema moyoni, ameshiba huko. Akaanza kukonda. Nikasema, mapenzi ya uzeeni hayo. Wivu uliniwaka hata nikawa namnusia mashati kabla ya kuyaloweka, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Siku moja alipokuwa Musoma niliingia gereji. Palikuwa pasafi kuliko sebule yangu. Kabati la mama yangu lilikuwa limefutwa, cherehani yangu ya zamani imefunikwa kwa gunia safi, na vyote havina msalaba. Mbao za mtumbwi nazo hazikuwa na msalaba, lakini zilikuwa zimekwanguliwa rangi, zimekatwa urefu mmoja na kuegeshwa ukutani. Juu ya cherehani palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nikafungua. Ndani mlikuwa na bawaba sita mpya, misumari, na kufuli lenye ufunguo wake.

Nilikaa chini pale pale. Kitu cha zamani mtu anaweza kukitafutia maelezo. Bawaba mpya ni za mlango, na mlango ni wa nyumba, na nyumba ina mtu ndani yake.

Ningeweza kumuuliza jioni ile ile, tukiwa wawili jikoni. Sikumuuliza. Nilifanya kama walivyofanya mama na shangazi zangu: mke hagombani na mume mpaka majirani wasikie, anapeleka shauri kwa ndugu za mume, wakae kikao wamuulize wao. Nikampigia simu shemeji mkubwa, nikamwaga yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kumbe na wewe hujui? Basi tunakuja." Nikaona hiyo ni ithibati. Nikafungasha begi langu la kurudi kwetu Butiama, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumbani.

Walikuja Jumapili baada ya misa, shemeji mkubwa na mdogo wake mmoja. Mume wangu alishangaa kuwaona. Kabla hajauliza, niliweka lile kopo mezani.

"Shemeji, nisaidieni kumuuliza mwenzenu. Kitanda kiko kwa nani? Na bawaba hizi ni za mlango upi?"

Shemeji mkubwa hakulitazama kopo. "Kitanda kiko kwangu," alisema. "Godoro liko kwa huyu hapa. Plau, karabai, nyavu, vyote amevirudisha kwa wenyewe. Ndiyo na sisi tumekuja kuuliza. Mwalimu, unaturudishiaga vitu hatujaomba. Mtu akikurudishia kitu hujakidai, ameukata undugu. Tumekukosea nini?"

Mume wangu alilivuta lile kopo karibu yake.

"Naumwa," alisema. "Musoma naendaga hospitali. Wameshaniambia haitachukua muda." Akawageukia ndugu zake. "Nimezika wanaume wengi huku. Matanga yakishaanuliwa, ndugu wanaingia. Mmoja anasema plau ni ya baba, mwingine kitanda ni chake. Plau ikitoka, linatoka na kabati. Likitoka kabati, inatoka cherehani. Mwisho anatoka mjane. Nimewapa vyenu mapema, ili siku hiyo msiwe na sababu ya kuingia humo."

Hakunitazama. Afadhali angenitukana. Shemeji mdogo alifuta macho. Shemeji mkubwa aliinua uso, akachungulia dirishani kuelekea gereji, na macho yake yakakaa huko kitambo. Nilimwona. Swali langu la bawaba halikujibiwa, na sikuwa na uso wa kulirudia. Jioni nilirudisha nguo zangu kabatini, moja moja, yeye akiwa amelala upande wa pili.

Alifariki kabla pamba haijaanza kuvunwa. Tulimzika, tukaanua matanga, na wiki iliyofuata shemeji mkubwa akaja na spana.

"Vyetu tulishapewa, shemeji," alisema kwa upole kabisa. "Umebakiaga huu mlango tu. Ni wangu."

Ulikuwa wake kweli. Akafungua mabawa yote mawili, akapakia, akaondoka. Gereji ikabaki wazi. Kila anayepita barabarani sasa angeona kabati, cherehani, kila kilichobaki changu. Nilisimama pale uwazini kwa hasira, nikiwaza ni nani atakuja kesho na atasema kipi ni chake. Ndipo nikaziona zile mbao zilizoegeshwa ukutani.

Nilichukua moja, nikaisimamisha penye uwazi. Iligusa juu, ikagusa chini.

Fundi niliyemwita alizipima zote akatikisa kichwa. "Mama, hapa mimi sina cha kukata," alisema. "Aliyezikata alipimaga tundu hili hili." Bawaba tatu zikaenda upande huu, tatu upande ule, hakuna iliyobaki kwenye kopo.

Mlango huo naufunga mwenyewe kila siku, na ufunguo unalala chini ya mto wangu. Shemeji akipiga hodi bado namchungulia kwanza, na rafiki yangu wa Manyamanyama simwelezi tena mambo ya nyumbani kwangu. Nimezeeka na shaka zangu, sizionei haya. Ila katika watu wote niliopaswa kuwatilia shaka, nilimchagua aliyekuwa akinitengenezea mlango, tena nikamwitia kikao.