Siku Walipokuja Kuomba Daftari la Chanjo

Kazi yangu ni mifugo. Nimechanja ng'ombe wa kata yetu, huku Hanang, kwa miaka mingi kiasi kwamba nawajua ng'ombe kuliko wenye ng'ombe. Nina daftari kubwa la jalada gumu lenye majina ya kaya, idadi ya mifugo na njia ya kufika kila boma. Majina mengine nimeyawekea alama ya wino mwekundu. Hao ni wafugaji wa bondeni, walioko mbali. Dawa ya chanjo inataka baridi, na barafu ya kwenye kikasha haimsubiri mtu, kwa hiyo wenye alama nyekundu naanza nao alfajiri. Ilikuwa alama ya kuwahurumia. Nililionea fahari daftari lile kuliko cheti changu cha chuo.

Mimi pia ni mtu wa mdomo. Mke wangu husema kama serikali ingelipa maneno, tungekuwa na ghorofa.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye semina Haydom, ya shirika dogo linalofundisha jinsi ya kuzuia mauaji ya kimbari. Nilicheka. Mauaji ya kimbari, kwetu? Sisi tunagombania mahindi na malisho, basi. Nilienda kwa sababu ya nauli na pilau. Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo aliyekimbia nchi ya jirani akiwa msichana. Akatuuliza: majirani zenu wa bondeni, mkiwa wenyewe kwa wenyewe, mnawaitaje?

Nikawahi kujibu: "Kupe!"

Ukumbi mzima ulicheka, hata katekista. Nikanogewa. Nikaeleza kwamba kupe hang'olewi mmoja mmoja, unapeleka kundi zima joshoni, kwenye dawa, na kwamba daftari la maboma yote ninalo mimi. Yule mama hakucheka, wala hakunigombeza. Alisema, "Naomba namba yako ya simu, baba." Nikadhani nimemfurahisha.

Mengi aliyofundisha siku ile nimeyasahau. Ninalokumbuka ni kwamba watu hawaamki tu asubuhi moja wakaua majirani. Kwanza jirani anavuliwa jina la mtu, anapewa la mdudu. Halafu inatafutwa orodha. Na kila hatua kuna mtu wa kawaida anayeombwa kitu kidogo: atamke neno, atoe karatasi, afunge mlango wake anyamaze. Huyo akikataa, kazi inakwama. "Shirika letu ni watu sita na simu," alisema. "Kazi yetu kubwa ni kuwahi."

Msimu uliofuata ng'ombe waliingia kwenye mahindi yaliyoanza kubeba. Mwenye shamba, kijana mwenye watoto wawili, alikwenda kuwafukuza, akauawa kwa mkuki. Aliyeua alikuwa mtu mmoja wa bondeni, na jina lake lilijulikana siku ileile. Lakini kwenye simu zetu halikuzunguka jina lake. Kesho yake asubuhi nilifungua simu nikakuta neno langu mwenyewe: "Kupe wote joshoni." Nililisoma mara tatu nimesimama uani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Simu ikaita kabla sijanawa uso. Alikuwa yule mama wa semina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesikia. Daftari lako liko wapi?"

"Kwenye droo."

"Leo watakuja kuliomba. Wataomba kwa upole, maana wanakufahamu. Polisi na wilayani nimeshawapigia, na mchungaji wenu anashuka bondeni kuwatahadharisha. Lakini magari yatachelewa. Nani mwingine yuko hapo nyumbani?"

"Mke wangu."

"Mpe simu."

Sijui waliongea nini. Nilimwona tu mke wangu akijifunga shuka na kutoka bila kuniaga. Hazikupita saa mbili, ua wangu ukajaa akina mama: mama mkwe, mashangazi, bibi wa jirani, kwaya karibu yote. Wakakaa chini kati ya lango na mlango wangu, miguu wameinyoosha, wakaanza kunipukuchulia mahindi makavu ya ghalani ambayo sikuwaomba wanipukuchulie.

Vijana walifika kabla ya saa sita, kama ishirini, na mapanga. Mbele yao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Marehemu alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, si kwa pombe.

"Shemeji, tunaomba daftari," alisema kutoka langoni. "Tunataka kujua tu ng'ombe walioingia shambani ni wa nani."

Nakiri: mkono wangu ulikuwa tayari kwenye droo. Niliwaza, wanataka kujua tu. Niliwaza, nikiwanyima, nitaishije nao?

Lakini ili anifikie ilimbidi apite kwa akina mama. Na kwetu hakuna kijana anayewapita wazazi bila shikamoo, hata nyumba iwe inaungua. Akaanza na mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Akasogea kwa shangazi. "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mtoto kikohozi kimepona?"

Walimjibu mmoja mmoja, taratibu, kila mmoja na swali lake, kila mmoja akiushika mkono wake kabla ya kumwachia. Nyuma yake vijana wote nao walipaswa kusalimia, wakihamishia panga mkono wa kushoto. Alipofika kwa mama wa sita sauti yake ilikuwa imekatika. Alipofika kwa dada yake, mke wangu, dada hakuuachia mkono. Shemeji akakaa chini kwenye magunzi, akamlilia rafiki yake kwa sauti. Gari la polisi lilifika saa tisa, likawakuta vijana wanakunywa uji.

Aliyeua alikamatwa. Maboma ya bondeni yapo hadi leo, na asubuhi za chanjo bado naanza nayo. Kwenye kundi la simu niliandika kwamba lile neno lilikuwa langu na nimelifuta. Nilitukanwa vya kutosha. Shemeji aliandika chini yake, "Mimi pia nimelifuta." Nikikutana na mama yeyote kati ya wale wa uani, moyo wangu hujaa shukrani hadi naanza kuongea upuuzi.

Siku ya tatu nilimpigia mama wa semina kumshukuru. Nilitaka kusema asante tu, nikajikuta nasema, "Mama, mimi ningewapa. Mkono ulikuwa kwenye droo."

"Najua, baba."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye semina. Orodha ya mtaa wao ilitolewa na karani, rafiki wa baba yake, mtu mcheshi aliyewaletea watoto pipi. Naye aliombwa kwa upole.

"Nimemchukia miaka yote," alisema. "Siku hizi najiuliza tu, asubuhi ile, kama yuko hata mmoja aliyempigia simu."