Mlango wa Upande wa Bibi Harusi

Usiku ule niliota asubuhi. Kumeshakucha, nami nimekwisha kutoka, begi begani, bila kujua naelekea wapi. Ndotoni sikushangaa. Tangu nilipoacha shule darasa la tano nimeishi hivyo: nikiona barabara nisiyoijua mwisho wake, situlii mpaka niuone.

Lakini nieleze kwanza nililalaje. Nilikuwa Lushoto, mwezi wa mvua, nimepanga chumba cha uani kwa Mama Tumaini. Mama huyu alikuwa na gari dogo la zamani aliloachiwa na marehemu mumewe, na Jumamosi ndilo lingempeleka binti yake kanisani. Alinipa kazi ya kubadilisha mipira ya kuzuia maji kwenye milango yote minne, maana ile ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino vya mkulima. Mitatu ilikaa vizuri. Wa nne, wa mlango wa nyuma, upande ambao bibi harusi angekaa, ulipungua shubiri moja. Nilikuwa nimepima vibaya. Nikaona aibu kurudi dukani, nikauvuta mpaka ncha zikakutana, nikabandika.

Alhamisi jioni tuliumwagia mlango ule ndoo ya maji. Yakapenya kwenye kona ya juu, yakatiririka mpaka kitini.

"Fundi," Mama Tumaini akasema, "unataka mwanangu aolewe kashika mwavuli ndani ya gari?"

"Ni gundi, Mama. Gundi za siku hizi hazifai."

"Mbona milango mitatu imeshika, gundi hiyo hiyo?"

Nikaiokota ndoo, nikaingia chumbani. Nikafunga vitu vyangu niondoke alfajiri kabla hajaamka, nikalala.

Basi, ndotoni natembea. Barabara inashuka katikati ya mashamba ya kabichi, mara ni darasa letu la zamani, madawati yamejaa maji ya mvua na mwalimu hayupo. Natokea mlango wa nyuma, nakuta nyasi ndefu za gereji ya Tanga, pale nilipojifunzia kazi. Mvua inanyesha kwelikweli. Kwenye nyasi kuna gari lisilo na magurudumu, na ndani yake amekaa Fundi Mbwana, aliyenifundisha kushika bisibisi, ambaye mimi mwenyewe nilishika koleo siku ya kumzika. Amevaa koti lake la kazi la bluu, limefuliwa, limepigwa pasi. Hilo ndilo lililonishangaza. Alipokuwa hai sikuwahi kuliona safi.

"Kiguu na njia," anasema. "Ingia. Funga mlango."

Naingia, nafunga. Kelele za mvua zinakatika pale pale. Maji yanashuka kwenye vioo, lakini ndani hakuna hata tone. Kuna harufu ya mafuta ya taa na karanga za kukaanga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekonda."

"Huko mliko kuna mvua? Kuna magari? Spea mnapata wapi?"

Anacheka bila sauti, mabega tu. "Maswali hujaacha."

Hajibu hata moja. Anageukia mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni ule wa Mama Tumaini. Naujua, naiona gundi yangu iliyovuja pembeni. Anaubandua mpira kwa kidole kimoja. Kiganjani mwake unaanza kusinyaa, unapungua, unapungua, kama mnyoo aliyetiwa chumvi, mpaka unabaki mdogo kama bangili ya mtoto.

"Nani kauvuta?"

Matone yamesimama kwenye kioo, hayashuki.

"Mimi."

"Mpira hausahau urefu wake. Ukiuvuta mchana, usiku unarudi, unakuachia kona wazi."

Anatoa mfukoni mpira mwingine, umezidi mzunguko wa mlango kwa vidole viwili. Anaanzia chini. Havuti. Anausukuma kwa dole gumba kidogo kidogo, ile ziada anaimeza humo humo, mpaka ncha zinakutana tena kule chini, mbali na njia ya maji. Halafu anaupaka chaki, anafunga mlango, anafungua. Kwenye bati umebaki mstari mweupe, umezunguka pote bila kukatika: mpira umegusa kila mahali. Naweka kidole kwenye kona ya juu. Kinatoka cheupe.

"Mwambie mwenye gari," anasema.

"Nimwambie nini?"

"Ulichonijibu mimi sasa hivi."

Gari linatembea sasa, bila magurudumu, na sioni ajabu. Tunafika mji nisioujua, taa zinawaka madirishani, watu wanakula. Fundi Mbwana analaza kiti, nacho ni kitanda kilichotandikwa shuka safi.

"Lala hapa. Hapavuji."

"Na wewe?"

Ameshakuwa nje, kwenye mvua, koti lake kavu. Ananifungia mlango taratibu, kama anavyofungiwa mgeni. Mlango ulipokaza, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Uani Mama Tumaini alikuwa ameinama anapepea jiko. Nilimwendea bila hata kunawa uso.

"Shikamoo, Mama. Si gundi. Nilipima vibaya, nikauvuta mpira ili ufike."

"Na jana hukujua?"

"Kwamba nimeuvuta nilijua, nikakudanganya. Kwamba mpira ukivutwa hurudia urefu wake, sikujua. Nimeambiwa usiku huu na fundi wangu."

"Ana simu huyo fundi? Aje akusaidie."

"Amefariki, Mama. Zamani."

Akaacha kupepea. Akanyanyua birika, akamimina kikombe cha pili.

"Duka linafunguliwa saa mbili," alisema. "Kunywa kwanza. Na huyo fundi wako, ukimwona tena, mwambie harusi ni kesho na anakaribishwa."