Sheria Ikipita

Posho, njo Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mbele ya jua kutoka, na mpaka sasa inanyesha.

Wenzangu wa umri wangu, tuliokulia huku Ngungu tukicheza mupira wa majani ya migomba, munakumbuka vile neno moja lilitosha kututetemesha? Mimi sikusoma sana, pengine nakosea. Lakini kwetu, kitu kikipita kimeisha: mvua imepita, homa imepita.

Siku moja mama alinituma sokoni kununua chumvi na kusikiliza habari ya njia ya mashamba. Wale wenye bunduki walioshika kilima walitaka kutoa sheria ya kuifunga. Kapita, mukubwa wa kijiji, alipanda juu ya kiti: "Ba papa na ba mama, ile sheria imepita!" Watu wakaanza kufunga mizigo yao. Mimi nikakimbia nyumbani na furaha.

"Mama, sheria ya njia imepita!"

"Kweli?"

"Kweli, mama. Kapita njo amesema."

Mama naye hakuingia masomo hata siku moja. Akachukua kitunga na jembe. "Aksanti Mungu. Muhogo ilikuwa itaoza bure."

Kisha papa akarudi kutoka sokoni. "Mama yako iko wapi?"

"Shambani."

Papa akakaa chini, mu matope. "Mutoto we! Sheria ikipita haiishi, njo imeanza."

Hakuna aliyesubutu kumufuata. Sombe, yale majani ya muhogo, iliungua juu ya moto, hakuna aliyeigusa. Kila mguu uliopita njiani, nilitoka kuangalia.

Mama alirudi mbele ya giza kuingia, bila jembe. Nisiwasingizie watu wa bariere, wale waliofunga njia: hawakumugonga. Walimuuliza nani alimuambia njia iko wazi. Akajibu, "Ni mimi nilisikia vibaya." Na mimi hakunikaripia hata kidogo. Afazali angenipiga.

Watoto wa leo, neno wasilojua wanaliuliza telefone, inawajibu na Kifaransa chote. Sisi maana tuliisoma mu uso wa papa. Siwacheki sana; wao pia wanaogopa, sema wanaogopa wakijua kwa nini. Zamani woga ulikuja nyuma ya kosa, leo unatangulia. Asubuhi wametangaza tena sheria imepita, ya njia ileile. Nikaita majina ya wangu wote, mumoja mumoja, mpaka wote wakaitika.

Jioni tumekula bugali na majani ya maboga ya nyuma ya nyumba. Maharage imekomaa, lakini iko ngambo ya bariere.