Fundi wa Spika na Albamu Yake Moja

Pale Kiuu, fundi wa spika anayepakana na saluni ya Nakhumicha, Mama Lenny, hupima kila spika kwa albamu ile ile ya roki, magitaa yakinguruma kama mashine ya posho iliyokosa mahindi. Huweka kiganja juu ya spika, akafumba macho, kisha humuuliza mteja kwa upole, "Umeionaje?" Wote husema ni kelele, naye huirudia.

Leo Nakhumicha aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaenda kumfokea fundi.

"Umetuchosha! Afadhali hata ule wimbo wa nne!"

Fundi alizima kila kitu, akapangusa kiti kwa ovaroli yake.

"Mama Lenny, miaka miwili nauliza watu. Wewe ndiye wa kwanza kutaja wimbo."

Nakhumicha akakaa, hasira ingali usoni.