Mkeka wa Mama Kanta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Dodoma yakianza kujaa tena sabuni na vitenge. Baba yangu alishuka treni kutoka Gulwe bila taarifa, akanikuta uani nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani.

Pembeni yangu alikuwa mwenye nyumba wangu, Mama Kanta, mjane wa Kihindi. Kila kukicha alitandika mkeka, akawasha ubani, akasali kwa mwili mzima: akiinama, akijinyoosha, akivuta pumzi taratibu. Yoga, aliiita. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, mgongo ukiniliza. Aliponionea huruma akanifundisha, nami nikapata nafuu, Mungu shahidi.

Sasa baba alikuwa mzee wa kanisa. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Funga mizigo. Sikukulea uje kusujudia miungu ya watu."

Kazi niliipenda, na radhi ya baba haiuzwi dukani.

Mama Kanta hakukasirika. Alimletea kigoda na chai ya tangawizi.

"Mzee, sikufichi," alisema. "Kwangu hii ni sala, mama yangu ndivyo alivyonifunza. Binti yako namnyoosha mgongo tu. Akivuta pumzi, amtaje Mungu wake."

Baba akainywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Ungenificha, ukaniambia ni mchezo tu, ningeondoka naye," alisema mwishowe. Kisha akashusha sauti: "Na mgongo wa jembe, nao unatibika?"

Tulicheka, mwanangu, hadi majirani wakachungulia! Baba akavua viatu. Nilimsikia akivuta pumzi huku akinong'ona Baba Yetu.

Mama Kanta alihamia ng'ambo kwa wanawe, hatukuonana tena. Siku hizi napita Nzuguni, papa hapa Dodoma, nawaona vijana ukumbini, muziki juu, wakijikunja vilevile. Wanaita mazoezi ya afya. Siwalaumu, mwili ukipona ni neema. Ila nautamani ukimya wa ule ua, na najiuliza kama yupo aliyewaambia kwamba kuna watu ambao hiyo ni ibada yao.

Kuuliza si ujinga. Chema cha jirani usikikimbie kabla hujamuuliza maana yake, na ukikipokea, usijifanye hakina mwenyewe. Imani yenye mizizi haing'oki kwa kumheshimu mwenzako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya, akuzungushie majirani wasioogopa kukwambia kweli, nawe uwe mmoja wao. Amina.