Vikombe Arobaini vya Nyanjige

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua la Bariadi bado halijapata makali, lakini Nyanjige Masunga ameshalowa jasho. Ameinama na fagio la chelewa mbele ya ghala la zamani la pamba, anafagia vumbi ambalo upepo wa Septemba utalirudisha kabla hajamaliza. Kila baada ya hatua chache anasimama, anashika kiuno, kisha anaendelea.

"Mimi na hili vumbi tumezoeana," anasema. "Huu mwaka wa kumi na moja. Halijanishinda, na mimi sijalishinda."

Leo ni siku ya tamasha la waendesha pikipiki. Wanatarajiwa watu karibu mia na themanini, wengine bodaboda, wengine wenye pikipiki zao za kutembelea, kutoka Zagayu, Mwamanyili, Kiloleli na mpaka Mwanza. Hakuna mashindano wala zawadi. Wanakuja, wanapanga pikipiki, wanakula wali na nyama, wanapiga soga mpaka jioni, wanarudi makwao.

"Wageni huwa wanauliza, sasa hapa mnafanya nini? Nawaambia tunakaa. Kukaa ndiyo shughuli yenyewe, na si kila mahali panakalika."

Nyanjige, mwenye umri wa miaka 56, ndiye mlinzi wa uwanja huu, mfagiaji wake na mpangaji wa pikipiki siku ya tamasha. Chai pia ni yake. Wenye uwanja wanamlipa Sh60,000 kwa mwezi, na siku kama ya leo kamati ya tamasha inamwongezea Sh20,000. Magoti yamevimba tangu masika. Daktari alimwambia apumzike, naye akamjibu kwamba ushauri ni mzuri ila hauna mboga.

Lakini ukikaa naye kidogo utajua kwamba hafagii kwa ajili ya posho. Anafagia kwa ajili ya wanawe wawili, ambao kwa miaka sita hawajasemezana.

Mkubwa ni Masalu, dereva wa bodaboda hapa mjini. Mdogo ni Novatus, anayefanya kazi hiyohiyo Mwanza. Baba yao alifariki akiacha ng'ombe kumi na tisa kijijini Zagayu. Ugonjwa wake ulikuwa umeacha deni la hospitali, na Novatus akiwa mbali, Masalu aliuza ng'ombe sita. Masalu anasema aliuza kulipa hospitali. Novatus anasema kaka yake aliuza ili anunue pikipiki.

"Wanne walikwenda hospitali, wawili wakawa pikipiki," anasema mama yao. "Kwa hiyo wote wana ukweli na wote wana uongo. Ndiyo maana haliishi."

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa vikao vitatu, wakala mbuzi wawili, wakaondoka. Padri naye alijaribu. Tangu hapo Novatus akija nyumbani Masalu anatoka, na Masalu akifika Novatus anakumbuka ana safari. Wakiwa na neno la kuambiana wanampa mama alibebe. Mwambie huyo alete jembe la marehemu. Mwambie huyo ada ya mtoto wa dada nimeshatuma. Wote wawili wanasema "huyo", na jina halitajwi.

Kitu kimoja hawajaweza kukiacha, nacho ni tamasha hili. Wote wawili walijifunzia pikipiki ya baba yao, kwenye uwanja huuhuu, enzi ghala likiwa bado linanunua pamba. Hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo Nyanjige anawaona wanawe kwa jicho moja.

Alipoulizwa kama mambo haya ya nyumbani yanaweza kuandikwa gazetini, alifikiri kidogo, akakung'uta fagio.

"Andika. Wote wawili wanajua kusoma."

Mama huyu hakusomea mambo ya ukumbi. Aliyajua kwa kutazama. Miaka ya mwanzo kila kijiwe kiliegesha pikipiki zake peke yake, na kila mtu akakaa juu ya yake, simu mkononi. Watu wa Kiloleli walitoka Kiloleli kuja kuongea na watu wa Kiloleli. Kufika saa saba mchana uwanja ulikuwa mtupu.

Mwaka uliofuata akaamua pikipiki zipangwe mbali na baraza, kwa kufuatana na kufika, moja mgongoni mwa nyingine kuanzia ukutani. Na kila mtu afunge usukani, kwa usalama. Anayetaka kutoka inambidi amtafute aliyemziba, na aliyemziba hamjui, basi anauliza huku na huku, anaonyeshwa, anakuta watu wanacheka, anauliza wanacheka nini. Nusu saa imeisha na yeye bado yupo. Vijana walinung'unika sana. Siku hizi wanaiita foleni ya mayu, yaani ya mama kwa Kisukuma, na wanaipenda.

Halafu kuna mabenchi. Anayo kumi na mawili, marefu na mazito, ya mbao za ghala.

"Kiti cha plastiki kibaya," anasema. "Mtu anakiinua kwa mkono mmoja, anakwenda nacho kwao. Benchi hulibebi peke yako. Ukitaka kukaa, unakaa ulipolikuta, na uliyemkuta."

Mabenchi hayo huyahamisha kwa kusaidiwa mara mbili kwa siku kwa kufuata kivuli cha ghala, kwa sababu jua la huku halina adabu. Asubuhi kivuli kiko nyuma, mchana kinakuja mbele, kwenye baraza ya saruji ambako zamani wakulima walisubiri pamba yao ipimwe. Nguzo ya mzani bado imesimama.

Lakini mwaka huu mambo ni tofauti. Saa mbili asubuhi lori linaingia na viti vya plastiki mia mbili, maturubai matano na spika mbili kubwa. Nyuma yake anakuja Lusajo, mwenyekiti mpya wa kamati, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya. Ni mtu mwema na mchangamfu, na amejitolea mafuta ya jenereta kutoka mfukoni mwake.

"Shikamoo mama. Safari hii utapumzika," anamwambia. "Kila mji una turubai lake. Watu wasikae kwenye saruji kama wanasubiri mahakama."

"Marahaba, baba. Na mabenchi?"

"Yaache tu nyuma huko."

Nyanjige habishi. Anasema baadaye kwamba hata alishukuru kidogo, kwa sababu benchi moja ni zito na magoti ni mawili. Kilichomchoma ni neno jingine ambalo Lusajo alilisema kwa nia njema kabisa. Alisema mwaka jana baadhi ya watu waliondoka mapema, kwa hiyo kamati itakaa leo baada ya chakula. Ikionekana watu hawakai, tamasha litahamia Lamadi, kwenye hoteli yenye bustani.

Lamadi ni njia ya Mwanza. Novatus ataishia hukohuko na kugeuza. Pikipiki ya Masalu imechoka, safari za mbali alishaziacha. Nyanjige anapiga hesabu hiyo kichwani wakati anaosha sufuria, na machozi yanamlengalenga. Anasema ni moshi.

Kufika saa nne uwanja umejaa. Maegesho kamati imemwachia, na hapo hachezi. Novatus anaingia mapema, amechafuka vumbi, anamwamkia mama yake, naye anamwonyesha nafasi ukutani kabisa. Anasimama palepale mbele ya tairi lake kama askari, anawafukuza watu watatu wanaotaka kuegesha. Dakika kumi baadaye anaingia Masalu.

"Weka hapa," anamwambia.

Masalu anaitazama pikipiki iliyoko ukutani, anamtazama mama yake.

"Mayu, nafasi ziko nyingi."

"Nimesema hapa. Na ufunge usukani."

Masalu anafunga.

Lakini chini ya maturubai tamasha limekufa. Mwanza wako kwao, Mwamanyili kwao. Spika zinapiga muziki mpaka mabati ya ghala yanatetemeka, na mtu akitaka kumsalimia mwenzake inambidi apige kelele, basi anaacha. Viti vimesogezwa, migongo imeangaliana. Saa sita vijana wawili wa Kiloleli wanaanza kuulizia nani amewaziba. Lusajo anatembea kati ya maturubai akitabasamu, na tabasamu linazidi kupungua.

Ndipo anapokuja jikoni. Anataka chai ipelekwe kwenye maturubai, kila kikundi, kwa sinia.

Nyanjige anamtazama Philomena, jirani yake anayepika naye, ambaye tangu alfajiri amebeba ndoo za maji kumi na nne. Philomena anatazama pembeni.

"Baba, sipeleki," anasema Nyanjige.

"Mama, ni wageni."

"Ni wageni, ndiyo. Mimi nimechoka. Magoti haya hayafiki kwenye turubai. Sufuria iko hapa barazani. Anayetaka chai ana miguu."

Hakuna wa kumlazimisha mama wa watu, na vijana wote wana kiu. Lusajo anakwenda kutangaza kwenye spika, na ili asikike inabidi azime muziki.

Vikombe ni arobaini. Watu ni mia na themanini. Wa kwanza arobaini wanapata, wengine wanasimama kuwangoja. Huwezi kuondoka na kikombe kwenda turubai la mbali wakati mtu wa Zagayu amesimama mbele yako anakitazama. Unakunywa palepale, na kwa kuwa chai ni ya moto, unapoza kwa maneno. Umetoka wapi? Hiyo barabara ya kwenu imetengenezwa? Wewe si mtoto wa mwalimu fulani? Waliopata wanakaa kwenye baraza, ambako kivuli kimeshafika. Waliokosa wanakwenda nyuma ya ghala kutafuta mahali pa kukaa, na wanarudi watu wanne wanne wamebeba mabenchi.

Saa nane hakuna mtu chini ya turubai hata moja. Aliyetumwa kuwasha muziki tena amekaa na watu wa Mwamanyili, anabishana nao kuhusu mnyororo. Lusajo mwenyewe yuko kwenye foleni, na kwa mara ya kwanza mtu anamuuliza Mbeya wanalima nini.

"Hapa pamepoa," vijana wanaambiana. Huwa wanasema hivyo kila mwaka, kwamba mahali hapa pana hewa nzuri. Nyanjige anasikia, anachochea kuni. Hewa hiyo anaijua uzito wake.

Saa tisa anakuja Novatus, helmeti mkononi. Anataka kufika Mwanza kabla ya giza. Waliokuwa mbele wameshasogeza. Imebaki pikipiki moja tu.

"Mama, mwambie huyo asogeze."

Mwaka jana Nyanjige alikwenda kusema. Mwaka juzi pia, na mwaka wa kabla yake. Leo ameshika sufuria tupu kwa mikono miwili, anaiweka chini taratibu.

"Novatus mwanangu, chai nimekataa kuibeba, na haya maneno yenu ni mazito kuliko chai. Miaka sita nayabeba. Nimechoka. Yule pale. Mwambie mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Philomena anasema ingekuwa hasira kijana angeondoka. Alisema kama mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imegoma.

Novatus anahamisha helmeti kutoka mkono huu kwenda ule. Masalu amekaa mwisho wa baraza, karibu na nguzo ya mzani, kikombe mkononi. Anaona kila kitu. Hatimaye mdogo mtu anatembea mpaka mbele yake.

"Sogeza pikipiki."

Masalu hainui macho.

"Nakunywa chai."

Watu walio karibu wanageuza shingo. Wa Bariadi wote wanajua habari hii.

"Kaa basi," anasema Masalu. "Niimalize."

Novatus anatazama huku na huku. Anakaa. Kati yao pangeweza kukaa watu wawili wanene, lakini ni saruji ileile moja.

Nyanjige ndiye aliyemimina chai hiyo, saa sita na nusu. Anajua kwamba kikombe kile kilikuwa kitupu tangu saa saba. Anageuka haraka, anaanza kusugua sufuria ambayo ni safi.

Masalu alimaliza chai yake isiyokuwepo saa kumi na nusu. Walichoongea hapo katikati hakuna anayekijua, na hakikuwa kingi, maana vipo vipindi virefu walivyotazama tu uwanja. Kisha waliinuka, Masalu akafungua usukani, akasogeza, akasimama pembeni. Novatus alipowasha, kaka yake alisema kwa sauti ambayo mama aliisikia kutoka jikoni.

"Pale Lamadi jioni ng'ombe wanavuka barabara. Uwe mwangalifu."

"Nimesikia, kaka."

Kwa miaka sita neno ng'ombe halikutajwa mbele ya yeyote kati ya hawa wawili bila ugomvi. Nyanjige alikaa chini kwenye kigoda, akalia kabisa, na safari hii hakuusingizia moshi.

Kamati ilikaa kwa dakika tano ikiwa imesimama. Mwakani ni hapahapa. Lusajo alikuja kumpa habari akiwa na daftari, akataka kujua kinachohitajika. Alikuwa ameshaandika vikombe mia mbili.

"Futa," Nyanjige alimwambia. "Arobaini vinatosha. Tafuta mtu wa kufagia."

Hilo ndilo tumaini lake. Hataki tena kusimama mbele ya tairi wala kubeba sufuria. Mwakani anataka kuja kama mgeni, apange foleni ya chai na wenzake, kisha akakae pale kwenye baraza, kwenye ile nafasi ya watu wawili wanene.

"Peke yangu siwezi kuijaza," anasema, akiokota fagio. "Labda na wao wasogee kidogo."